Matanga ya Mzee Aflah

“Kipanga, maji yanakauka saa saba. Rudia.”

“Yanakauka saa saba.”

“Leo.”

“Leo?”

Simu ya Idara ikakatika.

Rumaitha akaitazama Casio yake. Saa nne na dakika thelathini na nane asubuhi, Jumatano. Akazungusha macho kwenye ofisi ya kompyuta ya Shirika la Al-Manhal, hapo Ibra. Meza tisa, viti tisa, na watu hakuna hata mmoja.

Miezi miwili alikuwa akikaa humu kama fundi wa kawaida, binti wa abaya nyeusi anayebadilisha wino wa printa na kucheka na kila mtu. Kumbe Idara ya usalama ndiyo iliyomweka, na kwao jina lake ni Kipanga. Idara ilikuwa imenusa kwamba watu wa nje wanataka kuifunga Al-Manhal, na Al-Manhal ndiyo inayowapa maji watu wa wilaya tatu. Kompyuta zake elfu nne mia moja na kumi na mbili ndizo zinazoendesha pampu, matangi na vichujio, na zote zinamtii bwana mmoja, programu inayoitwa Rubani. Ukimwandikia Rubani amri moja, kompyuta zote zinaitekeleza kwa pamoja.

Na sasa kulikuwa na mtu keshamwandikia. Saa saba kamili kila kompyuta itafunga maji yake, kisha itajifuta.

Miongoni mwa vichujio hivyo kimo cha kituo cha kusafishia damu, mwendo wa dakika tano kutoka pale alipokaa. Huko kitandani, tangu saa tatu, alilala shangazi yake Asya, damu yake ikizungushwa na mashine. Mashine ile bila ya maji safi si mashine tena. Shangazi Asya ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne. Rumaitha hana mama mwengine, na hamtaki mwengine.

Akampigia mkuu wake, Obaid, aliyekuwa Nizwa kwenye chumba cha operesheni.

“Nawaondoa wagonjwa, Mkuu.”

“Huwaondoi.”

“Shangazi yangu yumo!”

“Najua. Aliyeiandika amri hiyo anaangalia kila kitu. Akiona wagonjwa wanaondolewa, hatangoja saa saba. Ataitekeleza sasa hivi.”

Rumaitha akauma mdomo. Alitamani kumtukana, naye mkuu alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

“Wenzako wako wapi?” Obaid akauliza.

“Jalan Bani Bu Ali. Ami yake Qais kafariki, mzee Aflah. Ujumbe ulikuja alfajiri kwenye grupu. Ofisi nzima imekwenda azaa, kumpa pole.”

Na wewe unayesoma usiulize kwa nini ofisi nzima. Ami wa mkuu wa kitengo akifa, nani atabaki ofisini anabonyeza vitufe? Mtu huacha kazi akenda matanga, tena bila ya kuomba ruhusa. Qais alikuwa mkuu wa kitengo hicho, na alilijua hilo vizuri sana.

“Wewe hukwenda?”

“Nilitaka kutia gari mafuta kwanza, niwafuate… Mkuu, mbona unaniuliza hivyo?”

“Wamefika Jalan sasa hivi, gari tatu. Wamebisha hodi.”

“Halafu?”

“Mzee Aflah kawafungulia mlango mwenyewe.”



Rumaitha akasema neno moja la Kiarabu ambalo shangazi yake angemfinya kwa ajili yake.

“Vijana wangu wamechukua simu za wote, asivuje neno,” Obaid akasema. “Isipokuwa mzee mwenyewe. Amekataa. Kapanda gari lake, anasema anakwenda kumtafuta huyo aliyemzika. Mtafute Qais kabla yake.”

Rumaitha akafungua laptop yake, ThinkPad. Mlango wa kawaida wa Rubani, ule wenye picha na vitufe, Qais alikuwa keshaufunga. Ukaachwa mlango wa nyuma, dirisha jeusi la PowerShell, pale unapoandika kwa mkono na hakuna wa kukubembeleza. Kwenye dirisha hilo jina lake lilikuwa na ruhusa ya kusoma. Kuamrisha hakuwa nayo. Rubani hapokei amri ila kwa mwenye ufunguo, kidude cha USB kidogo kama ukucha, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, wa Qais.

Basi akasoma. Mistari mitatu ya skripti ilitosha: itafute laptop ya Qais, iulize mara ya mwisho imeripoti lini, iulize imeripoti kwa mtandao gani.

Jibu likaja. Dakika mbili zilizopita. Wi-Fi: BAIT AFLAH QALHAT.

Mwizi kaiba kila kitu, kasahau kwamba laptop yake mwenyewe nayo ni mtumwa wa Rubani, inaripoti kama nyengine!

“Mzee ana nyumba ya pili, Qalhat,” Rumaitha akasema, tayari yuko kwenye ngazi. “Juu ya bahari.”

“Nenda.”

Land Cruiser ikatoka Ibra kama imetukanwa. Bidiyah ikapita kulia. Al Kamil ikapita. Rada ya kwanza ya mwendo ikammulika, ya pili ikammulika, ya tatu hakuijali tena. Bastola yake, Glock, ilikuwa chini ya abaya, ThinkPad kwenye kiti cha pembeni, na mguu wake wa kulia ulikandamiza mafuta mpaka mwisho.

Simu ikalia. Shangazi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Uko wapi we mtoto? Mbona nasikia upepo?”

“Niko kazini.”

“Kazini gani kwenye upepo? Nesi wa leo mkali, hata kuzungumza hataki nizungumze. Nimemwambia, binti yangu ni fundi wa kompyuta, ntamwambia azizime zote humu.”

Rumaitha akalipita lori. 

“We Rumaitha?”

“Nipo, shangazi. Lala kidogo.”

“Silali mchana mimi.” Akakata.

Akaingia Qalhat saa sita na dakika thelathini na moja. Akaliona jengo, akapunguza mwendo, na akatoa macho.

Loo! Magari arubaini kama hayana mwisho. Yamepangwa kutoka kwa mzee Aflah mpaka njia kuu. Wanaume wa dishdasha nyeupe wanaingia barazani, wanawake wanaingia mlango wa pembeni na masinia ya wali kichwani.

Kumbe ule ujumbe wa alfajiri haukukaa kwenye grupu ya ofisi. Ulitoka hapo ukaenda Sur, ukaenda Qalhat, na kila aliyeupokea akauliza jambo moja: kuna jamaa wa marehemu nyumbani? Mtu wa Qalhat akajibu, naam, mtoto wa nduguye yupo, nimeona gari yake. Basi watu wakaja. Qais alikuwa amesema uongo ambao kwa watu hawa huwezi kuusema ukabaki peke yako chumbani. Alikaa katikati ya baraza, jasho linamtoka, kila dakika anasimamishwa kupewa mkono. Huku nje, mita mia tatu baharini, boti ya mwendo kasi ilikuwa ikimngojea, na asingeweza hata kwenda chooni bila ya wazee watatu kumuuliza kama anahitaji kitu.

Rumaitha angecheka, kama shangazi yake asingekuwa kitandani.

Laptop iko wapi? Barazani haipo. Basi ndani. Na ndani, kwenye azaa, ni kwa wanawake.

Akajitanda shela vizuri, akaificha ThinkPad ndani ya abaya, akatoa chupa ya chai kwenye gari, akapita mlango wa pembeni na wenziwe.

“Aadhama-llahu ajrakum,” akawapa pole kwa sauti ya huzuni.

Wakaitikia. Wanawake thelathini walikuwa wamekaa juu ya mazulia, wengine na juzuu mikononi, wengine wananong’ona. Pembeni, juu ya meza ndogo, laptop ya Qais ilikuwa wazi kama alivyoiacha alipovutwa barazani. Kidude cheusi kimechomekwa ubavuni. Rumaitha akaketi karibu na meza, akasalimu kwa macho, akakichomoa, akakichomeka kwenye ThinkPad yake mapajani.

Saa sita na dakika arubaini na nne.

Pembeni yake alikaa mama mmoja mnene, miwani puani, dele la kahawa mkononi. Akamtazama.

“Unafanya nini, mwanangu?” Alisema Kiswahili safi, cha Ng’ambo, Unguja. “Matangani na kompyuta?”

“Nawapa watu habari, bibi. Wengi bado hawajajua.”

“Ah. Vizuri. Mimi Mahfoudha. Wape na wa Pemba.”

Rumaitha akaandika. Kwa kila kompyuta iliyomo kwenye orodha: fungua, futa kazi ya saa saba, hakikisha imefutika, jibu. Mistari tisa. Akaisoma mara mbili, kwa sababu ukikosea hapa nukta moja unakosea mara elfu nne. Akakigusa kidude kwa kidole kama kinavyotaka, akabonyeza.

Mia tatu na kumi zikajibu. Elfu moja na sitini. Elfu mbili.

Barazani simu ya Qais ikalia mlio ambao si wa rambirambi. Ufunguo umechomolewa, ikamwambia. Akainuka. Wazee wakainuka naye, wakidhani kazidiwa na huzuni, wakamshika mikono. Akajitikisa. Akaja mpaka mlango wa wanawake.

“Nataka laptop yangu! Nipeni!”

“Ebo!” Bi Mahfoudha akasimama, akaujaza mlango wote. “Una wazimu? Unaingia kwa wanawake na viatu? Ami yako kafa leo hii wewe unataka laptop?”

“Nipishe, bibi.”

“Sikupishi.”

Elfu tatu na mia nane.

Qais akatoa bastola. Wanawake wakapiga kelele, sinia likaanguka. Rumaitha hakuinuka. Mkono wa kushoto ukaendelea kuandika, wa kulia ukatoa Glock, ukamlenga juu ya bega la Bi Mahfoudha.

“Weka chini, Qais.”

“Wewe? Binti wa wino?”

“Weka chini.”

Bastola ya Qais ikaenda huku na huku. Hajui amlenge nani. Bi Mahfoudha yuko katikati na hataki kusogea.

Hapo nyuma yake baraza lote likapiga takbira. Kwenye mlango wa nje alisimama mzee wa fimbo, kilemba kimekaa upande, vumbi la Jalan mpaka ndevuni.

“Qais!” mzee Aflah akanguruma. “Nimekufa lini mimi?”

Qais akageuka. Na alipogeuka, Bi Mahfoudha akammiminia dele zima la kahawa ya moto kwenye mkono. Bastola ikaanguka zuliani. Wale wazee waliokuja kumpa pole wakamkalia juu, wanne kwa pamoja, na mzee Aflah akawa anawaomba wamwachie nafasi ya fimbo.

“Kipanga!” Obaid, kwenye redio ndogo sikioni mwake. “Polisi wa pwani wameishika boti. Wawili ndani. Hali?”

“Subiri.”

Elfu nne mia moja na kumi na moja.

Akasubiri. Namba haikwenda.

Moja bado. Akamuuliza Rubani jina la kompyuta hiyo, na jina likaja: IBRA-DAMU-03.

Saa sita na dakika hamsini na saba. Akaipelekea amri peke yake. Kimya. Akaipelekea tena. Kimya. 

“Mkuu, waambie kituoni wamtoe shangazi!”

“Napiga! Hawapokei!”

Akampigia mwenyewe. Simu inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Dakika hamsini na tisa. Ya rabbi, anazungumza na nani? Akapiga.

“We mtoto mbona unanikatizia? Nazungumza na Alyaa, Muscat…”

“Shangazi! Mashine yako inakwenda?”

“Inakwenda. Kwa nini isiende?”

“Ipo kompyuta karibu na kitanda, yenye kioo. Inaonyesha nini?”

“Haionyeshi kitu. Nimeichomoa.”

“Umefanyaje?”

“Simu imeisha chaji, soketi hapa moja tu! Ilikuwa kompyuta au mie. Nesi keshanigombeza, usinigombeze na wewe.”

Kwenye Casio ikapita saa saba kamili.

Kwenye simu, nyuma ya sauti ya shangazi, mashine ya damu ikaendelea kuvuma polepole. Kichujio kilikuwa kinaenda chenyewe. Kompyuta ya kukiambia kisimame ilikuwa imelala, waya wake uko chini ya kitanda.

Rumaitha akafunga macho. Machozi yakamtoka mbele ya wanawake thelathini, na wao hawakushangaa hata kidogo. Huku ni matangani.

“Unalia?”

“Silii.”

“Nakusikia.”

“Mpe simu nesi.”

Nesi akashika. Rumaitha akampa maneno machache, yale ya Idara, kwa sauti ya Idara: kompyuta isiwashwe mpaka aje yeye mwenyewe, na mgonjwa wa kitanda hicho asikemewe tena.

Kisha akafunga ThinkPad, akatia kidude mfukoni, akasimama. Qais alikuwa keshafungwa mikono nyuma, polisi wa pwani wamemshika. Bi Mahfoudha alikuwa anaokota wali.

“Hukai ule, mwanangu? Chakula chote hiki na maiti hayupo!”

“Mle na marehemu, bibi. Katoka mbali.”

Mzee Aflah alikuwa tayari ameketi mbele ya sinia. Rumaitha akavaa miwani ya jua, akatoka kwenye jua kali, akapita katikati ya magari bila ya haraka.

Simu ikalia tena.

“We Rumaitha, umemwambia nini huyu nesi? Kaniletea chai, ananiita mama.”

“Kunywa, shangazi,” akasema, akawasha gari. “Halafu niambie Alyaa kasema nini.”

Na shangazi Asya akaanza kumwambia, yote, tangu mwanzo, na Rumaitha akaendesha taratibu mpaka Sur ili asikose hata neno.