Michoro Elfu Mbili Mfukoni

Walikutana kwenye ngazi za jengo la maduka ya vifaa vya umeme, saa sita mchana, saa ambayo kila mtu hupanda kwa msaada wa viwiko vyake. Mwanamke alikuwa anapanda, gauni lake la kijani limejaa vipande vya nyuzi, amekumbatia kompyuta iliyofunikwa taulo kama mtoto mwenye homa. Mwanamume alikuwa anashuka, shati jeupe limenyooshwa pasi, manukato yakimtangulia ngazi tatu.

"Samahani, dada. Hiyo ni kompyuta, au unaipeleka makumbusho?"

"Naipeleka makumbusho. Nikifika nitawauliza kama wana nafasi ya mwanamume mwenye viatu vilivyochongoka."

Watu wakacheka. Mwanamume akatazama viatu vyake, akageuka, akaanza kupanda naye.

Alikuwa fundi wa kompyuta. Majirani zake wa ghorofa ya pili walimwita Mtaalamu, nusu kwa heshima na nusu kwa kumcheka, maana tangu aanze kazi hakuwahi kusema "sijui". Mwanamke alikuwa mdarizi wa nembo za shule na za mashati ya kazini. Wateja walimwita Sindano, naye aliamini ni kwa sababu ya kazi yake. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba ni kwa sababu ya ulimi.

"Feni nimeisafisha," alisema Mtaalamu jioni ile. "Ilikuwa imemeza nyuzi za kutosha kushona koti. Lakini ugonjwa wenyewe ni mfumo unaoiendesha. Waliouunda walishaacha kuuhudumia. Virusi vinaingia bila hata kupiga hodi. Tuweke mpya."

"Mashine yangu ya kudarizi imeuzoea huo."

"Mashine haizoei kitu. Punda ndiye huzoea."

"Basi punda ni mimi. Naomba kompyuta yangu."

Usicheke. Ubishi ule uliendelea miezi miwili, kila mchana, kwa simu, na yeyote aliyewahi kupenda anajua kwamba watu wawili hawawezi kubishana miezi miwili kuhusu kompyuta.

"Inachukua dakika kumi na mbili kuwaka, mpenzi. Nimehesabu."

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita mpenzi?"

"Dakika kumi na mbili! Mtu anaweza kuposa, akakataliwa, akaposa tena, na hicho kitu bado kinawaza."

"Na ukiweka mpya, mashine ikagoma?"

"Haigomi. Niulize mimi."

"Siku utakayosema kuna kitu hukijui, siku hiyo nitakukubalia."

Sindano alicheka kwa sauti hadi shangazi yake akainua kichwa kutoka kwenye kazi. Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka saba. Sasa alikaa dukani na mkasi mdogo, akikata nyuzi zinazoning'inia nyuma ya kila nembo, na kompyuta aliiogopa kama umeme wenyewe.

Hofu ya Sindano ilikuwa na msingi. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na michoro elfu mbili na mia tatu, kazi ya miaka kumi na minne. Simba wa shule hii, kitabu na mwenge wa shule ile, kila mshono ameupanga mwenyewe. Bila michoro, mashine yake ya sindano kumi na mbili ingekuwa meza ya chuma tu.

Hatimaye akakubali. "Jumamosi," alisema. "Lakini ukipotea hata mchoro mmoja, usikanyage hapa."

Jumamosi asubuhi Mtaalamu alifika dukani mapema. Tumpe haki yake: kazi aliijua. Alinakili kwanza michoro yote kwenye flashi, akaitia mfukoni mwa shati. Ndipo akafuta kila kitu, akaweka mfumo mpya. Mashine ya kudarizi ikaitikia bila kinyongo. Kilichobaki ni kurudisha michoro mahali pake, kazi ya muda mfupi tu.

Sindano akaingia, ametoka kupeleka mzigo. Akaketi, akafungua folda. Tupu. Mtaalamu alikuwa na neno mdomoni, ila mwanamke hakutukana kama alivyozoea. Alisimama, akamwangukia kifuani, akalia. Flashi ilikuwa papo hapo mfukoni, kati ya moyo wa mwanamume na shavu la mwanamke.

Angesema, "Ninayo." Neno moja tu. Lakini miezi miwili alikuwa akichomwa, na sasa mchomaji alikuwa amemshika shati kwa mikono miwili.

"Nitaitafuta," alisema. "Niachie mimi."

"Imepoteaje? Kuna mtu aligusa?"

Hapo Mtaalamu, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, akasema, "Sijui." Kisha akaongeza, taratibu, "Nani alikuwa hapa kabla yangu?"

Sindano akageuka. "Shangazi, uligusa nini?"

"Nilipangusa vumbi tu, mwanangu."

"Ulipangusa nini? Miaka yote nakulisha humu ndani, kazi yako ni moja tu, kukata nyuzi, nayo imekushinda!"

Mama yule akavua aproni, akaikunja, akaweka mkasi juu yake. "Mimi ndiye niliyekulisha kwanza," alisema, akatoka. Mtaalamu alikuwa amesimama mlangoni. Akampisha.

Mtaalamu aliapa moyoni kuirudisha flashi kesho yake. Kesho yake Sindano akampigia simu saa moja asubuhi, sauti laini ambayo hakuwahi kuisikia. "Umepata chochote, mpenzi?" Alikuwa ameitwa mpenzi. Angerudishaje?

"Bado. Ila usikate tamaa, malaika wangu."

Ikawa ndiyo desturi. Kila Ijumaa alimletea michoro mitatu, minne, akisema ameitoa kwenye shimo la diski kwa jasho, na kila Ijumaa alibusiwa kwa hiyo mitatu, minne. Shule zilifunguliwa. Sindano alichora upya nembo kwa kuangalia mashati makuukuu, macho mekundu, vidole vimevimba. Wateja wa miaka kumi walikwenda kwa wengine. Mtaalamu alimletea chakula, akamkanda mabega, akamsikiliza akisema, "Bila wewe ningekuwa wapi?" Aliipenda ile flashi, kisu alichomshikia Sindano kwa siri, kuliko alivyompenda Sindano mwenyewe, ila hilo hakulijua. Aliliita mapenzi.

Wiki ya tisa alikuja amevaa suti ya kijivu. Flashi aliifunga utepe mwekundu.

"Nimeipata yote."

Sindano alipiga kelele, akamrukia, akambusu macho, pua, kola. Mtaalamu akapiga goti sakafuni, akatoa kisanduku cha pete.

"Ngoja, ngoja," alisema Sindano, anacheka na kulia. "Kwanza niwaone watoto wangu, halafu nikujibu."

Akaichomeka flashi. Michoro ikajipanga mistari mistari, na pembeni ya kila mchoro tarehe na saa uliponakiliwa. Jumamosi ile. Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Yote elfu mbili na mia tatu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa skrini moja.

Kicheko kiliisha kidogo kidogo.

"Ulikuwa nayo," alisema. "Nilipokuwa nalia, ulikuwa nayo."

"Nisikilize..."

"Shangazi yangu alipopita pale mlangoni, ulikuwa nayo."

Mtaalamu bado alikuwa chini. "Nilitaka unihitaji. Kila siku ulinichoma kwa maneno. Siku ile ukanilalia kifuani. Sikutaka iishe."

"Nilikuwa nakutania, mjinga wewe! Ulidhani nilikubali kubadilisha mfumo kwa kuogopa virusi? Jumamosi ile nilirudi mbio ili nikwambie ninakupenda. Hukuwa na haja ya kuiba kitu."

Akachukua simu, akapiga, akaiweka mezani, sauti ikisikika wazi.

"Shangazi. Si wewe. Nimejua si wewe."

"Mimi nilijua tangu siku ile, mwanangu."

"Nisamehe. Rudi."

"Nimekusamehe. Kurudi, hapana. Uliyasema yale haraka mno, inaonekana yalikuwa karibu na ulimi." Simu ikakatika.

Kosa lile lilikuwa la Sindano, si la Mtaalamu, naye hakumsukumia. Akainakili michoro kwenye kompyuta, akasubiri mpaka wa mwisho, akaichomoa flashi. Akaiweka juu ya kisanduku cha pete, akavisogeza vyote viwili ukingoni mwa meza.

"Nikurudishie mfumo wa zamani?" aliuliza Mtaalamu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kazi. "Nitafanya sasa hivi. Nitafanya chochote."

"Usiuguse. Mpya ni mzuri, unakimbia, mashine inaupenda. Kuhusu kompyuta ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza."

Akamgeuzia mgongo, akachagua simba wa shule, akawasha mashine.