Sabuni Iliyoitwa Mapendo

"Mapendo? Sabuni yetu umeiita Mapendo?"

"Jina tamu, au siyo?" Oswald alicheka, lebo mkononi.

Rozalia aliinyakua ile lebo. Moyo ulimlipuka pa! Mapendo alikuwa msichana wa mtaa wa Kasingirima, mwenzao wa kikundi, mnunuzi wa mawese na magadi. Kila siku sokoni yeye na Oswald. Kumbe!

Ilikuwa mwaka sabini na nne, kozi ya ushirika, Ujiji. Kila kikundi kilitakiwa kubuni bidhaa mpya: huyu anunue, huyu atengeneze, huyu auze. Oswald alikuwa mauzo, Rozalia utengenezaji. Kikundi bora kingepewa kazi kwenye kiwanda cha ushirika. Bila kazi hiyo Rozalia angerudi kijijini Kalinzi, na baba yake, Mzee Selestini, angemwoza kwa Anatoli, mgane wa rika la baba yake.

Lakini wivu, jamani, acheni tu! Mchana uleule, machozi yakimchuruzika, alitia kwenye sabuni yale magadi makali, mara mbili ya kipimo.

"Tukose wote!" alisema.

Siku ya ukaguzi Oswald alitumbukiza mikono kwenye beseni, akasugua kwa mbwembwe.

"Ndugu zangu, tazameni povu hilo!"

Alisugua, akasugua. Rozalia alishindwa kuvumilia.

"Oswald, toa mikono! Nimezidisha magadi! Makusudi!"

Mikono ilikuwa imeshaanza kubabuka.

"Kwa nini, Ndugu Rozalia?" mkufunzi Leonardi aliuliza.

"Kwa sababu ya huyu!" Akamnyooshea Mapendo kidole.

"Mimi?" Mapendo aliruka. "We dada, una wazimu! Wewe ukiwa jikoni, huyu Oswald alituletea jina moja tu: Sabuni Rozalia. Tukakataa, mali ya ushirika haiitwi kwa jina la mtu. Akasema basi iandikwe mapendo, yale ya moyoni, si jina langu, mwenyewe anajua ni ya nani."

Rozalia alikaa chini sakafuni, puu.

Alifukuzwa kozi siku hiyohiyo. Oswald alimkuta anafunga mzigo.

"Nisamehe, Oswald. Nimejiangamiza mwenyewe."

"Funga upesi. Tunakwenda wote Kalinzi."

"Kufanya nini? Ng'ombe wa Anatoli wako zizini kwa baba tayari!"

"Mimi si mtu wa mauzo? Naenda kujinadi."

Walipanda mlima kwa miguu. Mzee Selestini aliwapokea uani, uso umekunjamana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mikono hiyo imepatwa na nini?"

"Imeungua, mzee. Aliyeniunguza ni binti yako."

Mzee akamgeukia bintiye. Rozalia aliinamisha kichwa, hakukana.

"Kwa hiyo umekuja kushitaki?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kumposa."

Mzee alimtazama kijana, akaitazama tena ile mikono.

"Anatoli hakuja mwenyewe hata siku moja," alisema taratibu. "Rozalia, mpe mgeni kiti. Kesho ng'ombe wa watu warudi kwao."

Rozalia alikimbilia kiti, akajikwaa kizingitini, akaangua kilio mbele ya wote wawili.