Robo Saa ya Kutulia

Mwaka 2017, katikati ya kiangazi, ukumbi wa benki ulikuwa umefurika watu. Mtafiti wa macho, aliyevaa gauni la kijani lililonyooshwa kwa pasi bila kunyanzi hata moja, aligundua kwamba kijana aliyeketi kwenye benchi alikuwa akimchora.

"Kaka, umeniomba ruhusa?"

"Nikikuomba utajitengeneza, dada. Tulia robo saa tu."

Foleni ikasogea, naye akasogea nayo. Uso kwenye mchoro ukabaki nusu.

"Nakudai robo saa!" kijana alimpigia kelele mbele ya watu wote.

Deni hilo halikulipwa, lilizaa mapenzi. Kijana, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Sura, alimbandika mpenzi wake jina la Daktari wa Vibakuli, kwa kuwa alishinda maabara akiinamia vibakuli vya kioo. Humo alikuza seli za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Alikuwa ameziondolea protini moja inayozilinda, na kila juma alizishuhudia zikivimba, zikijaa taka, zikizeeka kabla ya wakati wake.

Mwaka uliofuata, mkahawani, hasira ya Mtafiti ikalipuka.

"Ninaposema nawe, unamtazama nani?"

"Wewe, mpenzi."

"Mimi niko hapa! Macho yako yako kwa yule mhudumu wa blauzi nyekundu. Kila siku hivyo hivyo!"

"Nisikilize kwanza..."

"Kamchore yeye!"

Akabeba mkoba, akaondoka. Simu alizopigiwa hakuzipokea, isipokuwa moja, nayo aliipokea ili aseme, "Umekosea namba," kisha akaikata.

Juma la tatu, dada yake Fundi Sura aliingia maabara bila kubisha hodi, akabwaga karatasi mezani.

"Wifi, si wewe bingwa wa macho?"

Ulikuwa mchoro wa mwanamke: masikio, mtandio, mkufu, vyote barabara. Mahali pa uso palikuwa patupu.

"Kaka yangu, katikati ya kila anachokitazama pamemfifia tangu mwaka jana. Ili akuone, sharti atazame kando yako. Alichelea kukwambia, usije ukamgeuza kibakuli."

Mtafiti alimkasirikia Fundi Sura kwa kuficha. Akajikasirikia zaidi, kwa maana dalili hiyo alikuwa ameifundisha darasani miaka mitano.

Alimkuta Fundi Sura chumbani mwake, miongoni mwa fremu zilizogeuzwa kuelekea ukutani.

"Kama umeleta huruma, irudishe ulikoitoa."

"Nimeleta hasira! Kwa nini uliniacha nikutukane?"

"Na wewe je? Seli unaziona, mtu humwoni!"

Mtafiti alimsogelea.

"Sikukuona," alisema. "Nisamehe."

Fundi Sura alikunja na kukunjua vidole vyake.

"Dawa ipo?"

"Bado. Najua kuiondoa protini ile kibakulini nikaziona seli zikizeeka. Kuirudisha ndani ya jicho la mtu sijui, wala sijui kama ndiyo iliyopungua kwako. Sitakudanganya."

"Afadhali umesema kweli."

Mtafiti alivuta kigoda hadi dirishani, akaketi, akanyoosha shingo.

"Penseli yako iko wapi? Unanidai robo saa."

Fundi Sura alisita. Kisha akaelekeza macho kwenye ukuta mtupu kando ya bega la Mtafiti, akaanza kuchora, safari hii akianzia usoni. Machozi yalimtiririka Daktari wa Vibakuli mpaka kidevuni. Hakuyafuta wala hakusogea, hadi dakika ya kumi na tano ilipotimia.