Maji ya Birika la Kale

Kila jioni, kabla mtu yeyote hajagusa sahani, sufuria kubwa ilibandikwa jikoni na maji yakachemka mpaka kifuniko kikacheza. Kazi hiyo ilikuwa ya binti wa fundi bomba. Aliyachemsha, akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa cheupe, kisha akayamimina kwenye dumu. Baba yake, aliyeshinda kutwa akizibua mabomba ya watu, alimpa cheo: Waziri wa Maji. Utani ukakolea, hata mama, ambaye si mtu wa mizaha, naye akawa anamwita Waziri. Mdogo wake, Gololi, mtoto wa macho ya mviringo na maswali yasiyokwisha, alikitamani cheo hicho kuliko pipi.

Likizo ilipofika, baba aliazima gari la kaka yake.

"Tutaona ngome," aliwaambia watoto, "tutaona mji wa magofu, na mwisho kabisa mifereji ya mawe. Watu wa kale walileta maji kutoka mlimani bila bomba hata moja. Nikiiona hiyo, siku hiyo hata nisipokula sawa."

"Utakula," mama akasema. "Ukikosa chakula hakukaliki na wewe."

Usiku wa kuamkia safari, Waziri aliivunja chupa ya chai, ile ambayo mama huwekea maji moto ya kukorogea maziwa ya mtoto wao mchanga. Baba alitikisa kichwa. "Uzembe mwingine kama huu na nabadilisha waziri." Mama alitabasamu. Gololi alikaa wima kama mtu anayesubiri kuapishwa. Waziri aliokota vigae, na maneno yale yakamkaa moyoni.

Asubuhi kwenye ngome mambo yalikwenda vizuri. Gololi alipanda juu ya mzinga, akataka kujua kama risasi yake ingalimo. Mlinzi akamwambia, "Shuka, askari. Vita vimekwisha."

Kwenye magofu walipokelewa na mama mmoja mwenye kofia pana, mtembezaji wa wageni. Aliwaonyesha makaburi, milango ya mawe, halafu birika kubwa la maji lililofunikwa nusu kwa paa lililobonyea.

"Mji mzima ulikuwa unachota hapa," alisema. "Siku hizi tunamwagilia maua tu. Popo wanalala humo, na kinachodondoka kutoka kwa popo mnakijua."

"Mavi," Gololi akajibu.

"Umesema wewe."

Walipokwisha kuzunguka, mama alikaa kivulini na mtoto mchanga, baba akabaki nyuma akimdodosa mtembezaji kuhusu chokaa. Waziri alitumwa dumu garini. Alilitua ukutani, akanywa, akaweka kifuniko juu ya jiwe. Papo hapo Gololi akaita, "Dada, njoo uone ng'ombe amechorwa ukutani." Waziri akakimbia.

Aliporudi, dumu lilikuwa limelala ubavu. Mchanga ulikuwa umekwisha kunywa maji yote.

Aliangalia huku na huku. Karibu na birika kulikuwa na ndoo yenye kamba. Akaishusha, akaivuta. Maji yalikuwa maangavu, hayanuki, hayana hata jani. Mbona ni safi tu, alijiambia. Alijaza dumu, akakaza kifuniko kwa nguvu mara hii, akarudi garini akijifanya hamnazo.

Safari ya kwenda kwenye mifereji ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa kali.

"Dada, nina kiu," Gololi akasema.

"Tukifika."

"Tukifika nitakuwa nimekufa."

Baba alimtazama Waziri kwenye kioo. "Mpe mwenzako maji. Au serikali imefilisika?"

Alimimina kidogo, akitumaini Gololi atayakataa. Gololi akayapiga yote, akafuta mdomo. "Yana ladha ya mawe."

"Magofu yamekuingia kichwani," baba akacheka.

Waziri hakucheka. Alitazama dirishani lakini hakuona kitu. Aseme? Akisema, kila mtu atajua kwamba hakulichunga dumu, kwamba alisikia habari za popo na bado akachota. Na asiposema? Labda hakuna litakalotokea. Aliling'ang'ania neno hilo, labda, kama mtu anayening'inia kwenye tawi bovu.

Mtoto mchanga akaanza kulia. Mama akatoa kopo la maziwa ya unga. "Lete hilo dumu. Chupa ya chai ingekuwepo ningemkorogea kwa maji moto, lakini ndiyo hivyo." Alipima maziwa kwenye chupa ya kunyonyea, akamimina maji, akatikisa. Mtoto akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama, usimpe."

"Kwa nini?"

Chuchu ya chupa ilikuwa imegusa midomo ya mtoto. Waziri akajirusha mbele, akaikwapua, maziwa yakammwagikia mama kifuani.

"Siyo maji yetu. Yetu yalimwagika. Haya nimeyachota kwenye birika."

Baba akasimamisha gari kando ya barabara. Halafu Gololi akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi nimekunywa popo?"

Mama alimshika Gololi paji la uso, ingawa ilikuwa mapema mno kuhisi chochote. Mbele yao njia iligawanyika: kushoto mifereji, kulia mji mdogo wenye zahanati. Baba aliutazama upande wa kushoto kidogo tu, akakata kulia.

Tabibu alimpima Gololi, akauliza amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. Waziri alijibu yote mwenyewe.

"Mmeniondolea kubahatisha," tabibu akasema. Aliwapa pakiti za dawa ya chumvi na sukari, akawaeleza jinsi ya kuichanganya na maji yaliyochemshwa. "Msiende mbali leo. Tumbo likianza kusumbua, mrudisheni hapa."

Walipanga chumba nyumba ya wageni iliyo jirani. Jua halijazama, Gololi alishika tumbo, akatapika. Walimrudisha mbio, na tabibu alikuwa tayari anajua cha kufanya. Waziri alishika beseni. Kila mdogo wake alipojikunja, naye alijikunja. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma zaidi ya fimbo.

Usiku walirudi naye nyumba ya wageni. Asubuhi Gololi alifumbua macho, akadai mkate. Mama akageukia ukutani, akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

Baba alimkuta Waziri uani, ameketi karibu na bomba. Akachuchumaa kando yake.

"Baba, mifereji yako hukuiona."

"Sikuiona. Na kesho kutwa niko kazini, kwa hiyo sitaiona mwaka huu." Hakulipunguzia neno hilo uzito. "Jana ulifanya makosa mawili, mwanangu. Unayajua?"

"Kumwaga maji. Na kuchota yale."

"Kumwaga ni bahati mbaya, tungenunua mengine njiani. Makosa ni kuchota yale, na kuficha. Sikiliza. Bomba likipasuka, naitwa, naziba, nimemaliza. Linalonitoa jasho ni lile linalovuja ndani ya ukuta, na mwenye nyumba anajua lakini anapaka rangi juu. Nikija kuitwa, ukuta mzima umeoza. Wewe ulipaka rangi, na mdogo wako ndiye aliyeumia."

Waziri akainamisha kichwa. Machozi yakadondoka kwenye saruji.

"Lakini ulisema panapovuja kabla mtoto mchanga hajanywa," baba akaendelea, "na ilikuwa vigumu, niliona. Siku nyingine usingoje mpaka chupa ifike mdomoni. Ukikosea, sema mapema. Maneno yangu ya kubadilisha waziri yalikuwa utani, sikujua kama yamekutisha hivyo. Hilo ni langu." Akainuka. "Dumu nimelisugua. Sufuria ya wenyeji iko jikoni."

"Bado ni kazi yangu?"

"Wengine watakunywa nini?"

Alibandika sufuria. Gololi akaja akijikokota, amejifunga shuka, akachungulia. "Haya hayana popo?"

"Hayana. Kaa hapa uhakikishe mwenyewe. Wewe sasa ni naibu, kazi yako kifuniko."

Wakakaa wawili, bega kwa bega, bila kuondoka, mpaka kifuniko kikaanza kucheza.