Ukambaa wa Nyanchoka na Cheni ya Mogire

Huku kwetu Nyamache, mtu akitaka kupima kitu hahangaiki kutafuta rula. Anachana ukambaa kwenye mgomba, anapima, anafunga fundo, kisha anaenda dukani. Mlango hupimwa hivyo. Kitanda pia. Mara nyingi kazi hutoka sawa, na ndiyo maana Mogire hakufikiria mara mbili.

Mogire alikuwa mkulima wa chai. Siku za kazi, pikipiki yake ilibeba majani ya chai. Siku ya Sabato, yaani Jumamosi, ilimbeba mama yake, Nyanchoka, hadi kanisani juu ya kilima. Magoti ya Nyanchoka yalikuwa yamechoka. Bila pikipiki hangefika.

Cheni ilikuwa imelalamika kwa muda mrefu. Mogire aliikaza, ikalegea, akaikaza tena. Sabato moja, wakipanda mlima, cheni ilichomoka. Pikipiki ilirudi nyuma na Nyanchoka akaangukia mtaroni. Hakuvunjika mfupa, lakini alitetemeka hadi jioni.

"Nitanunua cheni mpya, Mama," Mogire alisema. "Sabato ijayo utaenda kanisani."

"Basi pima vizuri," mama yake alijibu, akamchania ukambaa. "Baba yako alijenga nyumba hii kwa ukambaa."

Mogire alitoa cheni ya zamani, akaipima kutoka mwisho hadi mwisho. Ijumaa alienda sokoni na ukambaa mfukoni. Kwenye kibanda kimoja alipata cheni yenye urefu uleule. Akainunua, hakuuliza kitu.

Jioni alijaribu kuifunga. Cheni haikukaa. Ilipanda juu ya meno ya magurudumu yanayoizungusha, ikakataa kuingia chini. Mogire akachukua nyundo.

"Mogire, jua linazama," Nyanchoka alisema. "Sabato inaingia. Weka nyundo chini."

Akaiweka. Ilikuwa heri, kwa maana cheni ya kulazimishwa ingewaangusha tena.

Asubuhi Nyanchoka alivaa gauni lake la kanisani, akaketi mlangoni. Nyimbo zilishuka kutoka kilimani hadi uani. Aliimba nazo kwa sauti ndogo. Mogire alimsikia, na moyo ukamuuma.

Jumapili alienda kwa Bonareri, mwenye duka la spea. Alibeba cheni zote mbili, ukambaa, na sproketi zake mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni.

"Nani alikwambia cheni inapimwa kwa kamba?" Bonareri aliuliza.

"Hakuna, dada. Ni mazoea tu."

Bonareri alicheka kidogo. Alipangusa mafuta kwenye cheni ya zamani, akamwonyesha namba ubavuni. "Soma hapa."

"Nne mbili nane."

"Nne inakuambia umbali kutoka pini moja hadi nyingine. Mbili nane inakuambia upana. Sasa soma ile mpya."

"Nne mbili sufuri."

"Umbali wa pini ni ule mmoja, lakini upana ni mdogo. Ndiyo maana imekataa kukaa. Ukambaa unajua urefu, haujui upana."

"Lakini urefu ni sawa," Mogire alisema.

"Hebu tuhesabu pingili."

Walihesabu pamoja, pini hadi pini. Cheni ya zamani ilikuwa na pingili mia moja na kumi na nane. Ile mpya ilikuwa na mia moja na ishirini. Mogire alizilaza sambamba juu ya meza. Zilikuwa na urefu mmoja.

"Inawezekana aje?" aliuliza.

"Cheni ikitumika, pini zinalika na inarefuka," Bonareri alisema. "Ulipima uzee wake. Usinunue kwa urefu. Soma namba, hesabu pingili, na ukiweza, beba cheni yenyewe. Nipe sasa hizo sproketi."

Meno yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja.

"Hizi zitaila cheni mpya haraka," alisema. "Badilisha zote pamoja. Na ile klipu ya kufungia, upande wake uliozibwa utangulie kule cheni inakoelekea. Ukiigeuza inaweza kuchomoka njiani."

Mogire alifikiria mtaro. Kisha akamwomba arudie tena, polepole, akanunua cheni sahihi na sproketi mpya.

Sabato ilipofika, Nyanchoka alisimama kando ya pikipiki. Hakupanda.

"Nionyeshe," alisema.

Mogire alihakikisha injini imezimwa. Alichuchumaa, akainua cheni upande wa chini, katikati, kwa kidole. "Inacheza upana wa vidole viwili hivi, Mama. Ikilegea zaidi, itachomoka. Ikikazwa sana, itakatika."

Nyanchoka aliinama na magoti yake mabovu, akaigusa mwenyewe. Alipangusa kidole kwenye nyasi.

"Kumbe ukambaa wangu ndio ulikosea," alisema.

"Ukambaa haukukosea, Mama. Mimi niliupa kazi isiyo yake."

Nyanchoka akapanda. Walipokaribia ule mtaro, alilishika shati la mwanawe kwa mikono miwili. Pikipiki iliendelea kupanda, bila kelele. Walipoupita, mikono yake ililegea. Akaanza kuimba kabla hawajafika kanisani, na leo hakuimba kwa sauti ndogo.