Swali la Chiriku kwa Wenye Magari

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kumiminika, Chiriku alifuta vumbi kwenye rafu za duka la mama yake. Duka lilikuwa dogo, lakini lilijaa hadi dari. Galoni za mafuta ya injini zilikaa chini, mafuta ya gia na ya usukani katikati, maji ya betri na ya rejeta karibu na dirisha. Chupa ndogo za mafuta ya breki zilipangwa juu ya kaunta, pale mkono wa mteja unapofika kwa urahisi. Jina la Chiriku hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na madereva waliokuwa wakiosha magari yao ng'ambo ya barabara, kwa kuwa mtoto huyo, tangu alipojua kusema, hakujua kunyamaza.

Jumamosi hiyo alikuwa na kazi nyingine. Mwalimu wao wa darasa la sita alikuwa amemwagiza kila mwanafunzi achague swali moja, awaulize watu wazima wa mtaani kwake, na Jumatatu asimame mbele ya darasa kueleza alichosikia. "Mniletee mlichoambiwa," alisisitiza mwalimu, "msiniletee mlichotamani kuambiwa." Wenzake wengi walichagua mambo ya mpira. Chiriku alichagua jambo alilokulia: je, ni mafuta au maji gani ambayo mwenye gari hathubutu kuyatia kwenye gari lake?

"Mama, nimemaliza rafu. Nivuke?"

"Vuka, lakini tazama barabara. Na usiwachoshe wateja wangu kwa maneno!"

Sehemu ya kuoshea magari ilikuwa imechangamka. Wa kwanza kukutana naye alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Bibi Pikapu, maana hakuna aliyewahi kumwona mbali na pikapu yake kuukuu ya kubebea chakula cha kuku.

"Maji ya bomba kwenye rejeta!" alijibu bila kufikiri. "Marehemu mume wangu alikuwa akiyatia kila asubuhi, anajiona mjanja. Rejeta ikaota kutu ndani. Siku tunakwenda harusini, gari likachemka katikati ya mlima. Nilimalizia safari kwa miguu, viatu mkononi. Tangu siku hiyo, maji ya bomba ni ya kuoshea gari tu."

Watu wakacheka. Kijana mmoja mwenye gari linalong'aa akadakia, "Mimi siwezi mafuta ya injini ya kupima kwa kopo. Unajuaje yametoka wapi? Huenda yameshazunguka nchi nzima kwenye lori la mtu mwingine!"

Fundi wa magari wa pale naye alijibu akiwa chini ya gari, miguu tu ikionekana. "Mimi naogopa watu wanaotia mafuta yoyote kwenye breki. Sikiliza, Chiriku. Mafuta halisi ya breki ukiyamimina kwenye maji yanachanganyika, huyaoni tena. Mafuta ya injini yanaelea. Sasa hayo yanayoelea yakiingia kwenye breki, mipira ya ndani inavimba. Ikivimba, breki inashika inapojisikia, na siku nyingine haishiki kabisa."

Aliyebaki alikuwa dereva wa teksi, jirani yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipara, naye hakukasirika. Alikuwa akifuta kioo cha mbele, na alipoona zamu yake imefika, akazidi kufuta mahali palipokwisha kung'aa.

"Wenzangu wameshasema yote," alisema.

"Wewe bado hujasema, mjomba Kipara."

"Basi andika kama walivyosema wao."

"Mwalimu amekataa majibu ya kunakili," Chiriku alijibu, akasimama palepale kama mlingoti.

Kipara alitazama upande wa duka, akashusha sauti. "Haya. Mimi mafuta ya breki ya kwenye kaunta ya mama yako siyatii tena. Chupa ni zilezile za siku zote, lakini ile niliyonunua kizibo chake hakikuwa na utepe wa kukatika unapofungua. Nilipotia, pedali ikawa inazama kama nakanyaga godoro. Nikampa fundi wa stendi ayamwage yote, aoshe mfumo mzima. Siku hizi nanunua kwingine."

Chiriku alihisi masikio yamepata moto. "Ulimwambia mama?"

"Ningeanzia wapi, mwanangu? Mama yako ni mtu wa watu. Kila asubuhi ananisalimia kwa kicheko. Nimwendee nimwambie bidhaa yake mbovu? Nilinyamaza kwa heshima."

"Na wengine wanaonunua?"

Kipara alijikuna kichwa.

Chiriku alivuka barabara polepole. Ingekuwa rahisi kuliacha jibu la Kipara. Majibu mengine yalitosha, tena yalichekesha, na hakuna mtu darasani angejua. Lakini jana yake jioni, mama alipokuwa nyuma ya duka, Chiriku mwenyewe alichukua chupa moja kwenye kaunta ile akampa Babu Honi, dereva wa gari la shule. Mzee huyo alipiga honi kila kona hata kama barabara ilikuwa tupu. Na mchana wa leo ndiye angewashusha wachezaji wa shule kwenye ile barabara ya mlimani yenye kona kali, kwenda kucheza mechi upande wa bondeni.

Akapiga moyo konde, akaingia dukani.

"Mama, kuna mtu amesema mafuta yetu ya breki ni mabovu."

Mama aliinua uso. "Nani huyo?"

"Mteja. Anasema pedali ilizama, na chupa haikuwa na utepe."

"Chiriku! Unakwenda kuwauliza watu kazi ya shule, unarudi na majungu? Nimeuza hapa tangu hujazaliwa. Kuna aliyewahi kurudisha chupa?"

"Hawarudishi, mama. Wanakwenda kununua kwingine."

Maneno hayo yalimchoma mama. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Nenda nyumbani kapike. Hapa naona umenizidi kimo."

Chiriku hakwenda. "Nitakwenda, mama. Ila tujaribu kwanza kwa bilauri ya maji. Fundi amenieleza. Yakichanganyika, nitakuomba radhi mbele ya wateja wote na utaniadhibu unavyotaka. Nakuomba, mama. Jana nilimuuzia Babu Honi."

Mama akateka maji kwenye bilauri mbili, akaziweka juu ya kaunta. Kutoka kabatini alitoa chupa aliyokuwa amebaki nayo kutoka kwa muuzaji wake wa zamani, akamimina kidogo kwenye bilauri ya kwanza. Mafuta yakazama, mama akakoroga kwa kijiti, yakapotea. Maji yakabaki na rangi hafifu tu.

Akachukua chupa ya mzigo mpya kwenye kaunta. Aligeuza kizibo, akakitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Hakikuwa na utepe. Akamimina. Mafuta yakatawanyika juu ya maji kama macho ya mchuzi. Akakoroga, yakazunguka, yakakusanyika tena juu. Akabadilisha maji, akafungua chupa nyingine, na nyingine. Yote yakaelea.

Mama alikaa kwenye kigoda, akashika tama. "Yule muuzaji mpya aliniletea mzigo mpaka mlangoni," alisema kwa sauti ndogo. "Chupa ni zilezile, nembo ni ileile. Nikasema nimepata wepesi. Sikufungua hata moja."

Chiriku alidhani mama atalia. Badala yake mama alisimama, akafagia chupa zote kwa mkono kutoka kwenye kaunta, akazitia kwenye boksi na kulifunga kwa kamba.

"Kumbuka pamoja nami. Nani wamenunua?"

Walikumbuka majina yote, wakisaidiana. Mama akawapigia simu mmoja baada ya mwingine, akimwambia kila mmoja neno lilelile, bila kulizungusha: "Mafuta ya breki niliyokuuzia ni mabovu. Usiendeshe gari. Fundi atakuja, na gharama ni juu yangu." Wengine walishukuru. Mmoja alifoka mpaka Chiriku akasikia kila neno, na mama akamsikiliza hadi mwisho.

Babu Honi hakupokea. Huyo hakuwahi kupokea simu akiwa karibu na usukani.

Mama akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. Kipara, alipowaona wanatoka mbiombio, alitupa kitambaa chake kwenye ndoo. "Ingieni!" alisema. Akamwita na fundi, wakaondoka wote wanne.

Walipofika shuleni, wachezaji walikwisha kuketi garini, wanaimba na kugonga madirisha. Babu Honi alikuwa ameshawasha injini. Chiriku aliruka kutoka kwenye teksi, akakimbia mpaka kwenye mlango wa dereva.

"Babu, usiondoke! Yale mafuta niliyokupa jana ni mabovu!"

"Breki zangu?" Babu Honi alicheka. "Nimetoka nazo nyumbani asubuhi hii, zinanata kama gundi. Tokeni njiani, tumeshachelewa."

"Nahodha wao ni kaka wa rafiki yangu, babu. Fungua kifuniko tu, tuangalie. Kama breki ni nzima, nitawaomba radhi wote."

Wachezaji walianza kuzomea. Mmoja alichungulia dirishani akauliza kama Chiriku ametumwa na timu pinzani. Chiriku alisikia uso ukiwaka, lakini hakuachia mlango. Mama yake akaja akasimama nyuma yake, akasema kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma, "Ni kweli. Nimekuuzia kitu kibaya bila kujua, na sasa ninajua. Zima gari, mzee wangu."

Babu Honi akazima. Fundi akainua boneti, akafungua kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki, akatoa mpira mweusi wa ndani. Ulikuwa umevimba na kujikunja, hauwezi tena kurudi mahali pake.

"Huu umekaa humo usiku mmoja tu," fundi alisema. "Na mingine iliyo kwenye magurudumu inakunywa mafuta hayohayo. Asubuhi zilinata, sivyo? Ndiyo mwanzo wake, mpira ukivimba unabana. Kule kwenye kona za mlimani zingekuacha."

Kelele zote ndani ya gari zilikoma. Babu Honi aliutazama ule mpira, kisha akawatazama watoto waliojaa madirishani. Alivua kofia yake, akamshika Chiriku begani.

Wachezaji walikwenda kwa gari lililoazimwa kutoka shule ya jirani. Walichelewa, wakafungwa, na wakarudi wakiwa wamenuna lakini wazima. Fundi alishinda kutwa akiosha mfumo wa breki na kubadilisha mipira, na kesho yake akayafuata magari ya wateja wengine. Mama alilipeleka lile boksi kwenye ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, akaeleza aliyemletea mzigo alivyo, na akaahidi kutoa ushahidi.

Jumatatu Chiriku alisimama mbele ya darasa. Alieleza habari za maji ya bomba, darasa likacheka. Akaeleza mafuta ya kupima kwa kopo, wakacheka tena. Kisha akaeleza jibu la mwisho, akataja duka la mama yake, na hakuna aliyecheka.

"Mama yako alijua kwamba utalisema hili hapa?" mwalimu aliuliza.

"Alijua, mwalimu. Ameniambia nisipunguze hata neno."

Mwalimu alisogea katikati ya darasa. "Sikilizeni vizuri," alisema. "Dereva wa teksi aliujua ukweli, akanyamaza kwa sababu alimheshimu mama wa mwenzenu. Hakuwa mtu mbaya. Lakini kunyamaza kwake kungetuletea msiba. Mtu unayempenda akiwa amekosea bila kujua, heshima yako kwake ni kumwendea na kumwambia, kwa adabu, hata kama atakukasirikia. Na wewe ukiambiwa umekosea, usimtafute aliyesema. Litafute kosa, ulirekebishe. Chiriku amefanya la kwanza. Mama yake amefanya la pili, nalo ni gumu zaidi."

Alipotoka shuleni, Chiriku alipitia dukani. Mama alikuwa na mzigo mpya kutoka kwa muuzaji wake wa zamani, anafungua boksi na kukagua kizibo cha kila chupa kabla ya kuipanga. Chiriku aliweka mkoba chini, akanawa mikono, akaanza kukagua upande wa pili.