Mkate Usiokunjika

Amri ilifika ndani ya tambuu.

Pazi alilifungua jani, akakuta kikaratasi mahali pa popoo ya kutafuna. Maneno machache, mwandiko wa wakubwa wake wa Unguja.

Watu wa Fukayosi. Delmas. Maji yanajaa saa saba. Wakipanda chomboni, basi.

Alisoma mara moja. Akakitia kinywani pamoja na jani lake, akatafuna.

Hiyo "basi" aliielewa vizuri. Ulikuwa mwaka wa 1886, na biashara ya watu ilikwisha pigwa marufuku pwani nzima. Lakini Delmas, mgeni mwenye ndevu nyekundu, alipeperusha bendera ya kwao mlingotini, na chombo chenye bendera ile hakuna aliyeruhusiwa kukipekua. Watu waliotekwa mashambani Fukayosi wangeweza kuokolewa wakiwa nchi kavu tu. Mguu wa mwisho ukishaingia chomboni, ni mashamba ya karafuu mpaka kufa.

Saa ya Waltham mfukoni ilionyesha saa tano na robo.

Akakaza mwendo kuelekea kwa Inyasi, alikokuwa akingojwa na Kibwana.

Kwa Inyasi hapakuwa na kibao mlangoni. Nyumba ya udongo nyuma ya mtaa wa maseremala wa Bagamoyo, mikeka sita sebuleni, na harufu ya pilipili iliyochomwa iliyomkohoza kila mgeni. Inyasi alitoka Meksiko, upande wa pili wa dunia. Alikuwa mpishi wa meli. Homa ilipomwangusha, wenzake walimshusha ufukoni kama gunia lililooza. Watawa wa misheni walimuuguza, akapona, akamwoa Tekla aliyelelewa pale pale misheni, akakataa kuondoka.

Vyakula vyake vilikuwa vinne tu. Maharage yaliyopondwa. Samaki kwa ndimu na kotmiri. Tungule zilizosagwa na pilipili mbichi. Na kuku katika rojo jeusi la karanga, ufuta na pilipili kavu, kuku aliyechinjwa na mwalimu wa msikiti wa jirani ili kila mtu aweze kula. Vyote viliteremshwa kwa mkate mwembamba wa mahindi, laini kama kitambaa, unaokunjwa mkononi ukashika mchuzi wote bila kudondosha tone.

Kibwana alikwisha kaa. Bunduki yake ya Snider ilikuwa imeegemea ukuta.

"Umechelewa, ndugu yangu. Kuku ameanza kuniuliza habari zako."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia unakuja, asiruke."

Pazi alicheka. Kwa miaka saba walikuwa wakifanya pamoja kazi hii ya kuwapeleleza wateka watu. Walikuwa wamechanjiana. Walichanja vifua, kila mmoja akala ini la kuku lenye damu ya mwenzake, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Ndugu wa tumbo moja mtu hupewa na Mungu. Huyu alimchagua mwenyewe.

"Habari?" Pazi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wako Winde, kaskazini. Nahodha Rajabu nimekwisha mwelekeza huko na mashua yake ya moshi. Tukiondoka hapa saa sita u nusu tutawahi."

"Na Mbegani, kusini?"

"Nililala huko juzi. Tanuri la chokaa linawaka, wachomaji wanaimba matusi yao. Hakuna kitu."

Tekla alileta maji ya kunawa. "Shikamoo, kaka Pazi."

"Marahaba, Tekla. Mbona umenuna?"

"Muulize mume wangu. Leo amegombana na mahindi."

Sinia ikaja. Pazi alichukua mkate, akauweka viganjani, akaukunja.

Ukapasuka.

Akachukua wa pili. Ukapasuka katikati, mchuzi ukamtiririkia mpaka kiwiko.

"Inyasi! Leo umetupikia vigae?"

Mpishi alisimama mlangoni akijifuta mikono, amejaa haya. "Nisamehe, bwana. Mahindi lazima yachemke na chokaa. Ganda linatoka, unga unashikana. Bila chokaa, huu si mkate. Mama yangu angenipiga."

"Sasa chokaa imekwenda wapi?"

"Mbegani hawatoi. Tanuri limezimwa, leo siku ya nne. Wachomaji wamefukuzwa wote. Ghala lina mnyororo mlangoni."

Mkono wa Kibwana ulikoma juu ya sinia. Kitambo kidogo tu. Kisha ukaendelea.

Pazi aliuona.

Tanuri linawaka. Wachomaji wanaimba. Juzi.

Uso wake haukubadilika, maana hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa.

"Basi leo tutakula kama watoto," alisema, akachota maharage kwa vidole. "Kwa mikono na kwa kelele."

Kibwana alicheka, kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe. Akalichukua paja la kuku, akalisogeza upande wa Pazi, kama alivyofanya siku zote.

"Kula, ndugu yangu. Saa saba bado mbali."

Pazi alilila paja lile. Alilila lote, mpaka mfupa. Hakusikia ladha yoyote.

"Mchuzi umenifika kwapani," alisema. "Nakwenda kunawa."

Akapita uani.

Jikoni aliitoa bastola yake ya Webley, akazimwaga risasi kiganjani. Sita. Asubuhi ile Kibwana ndiye aliyempa. Aliing'ata moja, akaivuta kwa meno. Ncha ya risasi ikang'oka kama kizibo.

Mchanga ukamwagika, si baruti.

Inyasi alitazama mchanga, akamtazama Pazi. Hakuuliza. Alipenyeza mkono nyuma ya mtungi, akatoa bastola kuukuu ya Remington iliyofungwa kitambaa cha mafuta.

"Ya meli. Risasi nne."

"Nzima?"

"Nimeua nayo nyoka Jumapili."

Pazi akaiacha Webley juu ya jiwe la kusagia. "Tekla, yule asiinuke upesi."

"Nitampelekea rojo lililokolea pilipili," Tekla alisema. "Ataomba maji kwa lugha zote."

Nje alikuwa amefungwa punda mweupe wa Kimaskati. Punda wa Kibwana. Pazi alimrukia mgongoni.

Njia ya Mbegani ilikuwa mchanga mtupu na jua la utosini. Punda alikimbia kana kwamba naye alikuwa na kisasi cha kulipiza. Wanawake wenye matenga ya samaki waliruka pembeni, mmoja akamwombea avunjike shingo. Pazi hakumsikia. Alikuwa akiikumbuka miaka saba, moja baada ya moja, akijiuliza ni upi kati yake uliokuwa wa kweli.

Saa sita na nusu. Akamwacha punda, akaingia mikokoni kwa magoti. Akafungua darubini.

Ghala la mawe, mlango wa mnyororo. Walinzi wawili. Delmas na bunduki ya Winchester begani. Mapipa manne ya chokaa chini ya banda la makuti upande wa pwani. Na juu ya maji yanayojaa, chombo chenye bendera ya kigeni kikisukumwa kwa pondo, taratibu, kuelekea nchi kavu.

Baada ya robo saa kingegusa.

Kutoka ndani ya ghala mtoto alilia, akazibwa mdomo.

Pazi aligeuza darubini upande wa kaskazini. Mbali kabisa, uzi wa moshi. Rajabu, nahodha wa doria. Alitoa kioo cha kumulikia, akalikamata jua.

Mwanga ukajibu.

NANI?

PAZI. GEUKA. MBEGANI.

TUMEAMBIWA WINDE.

UONGO.

NANI KASEMA UONGO?

Pazi alikishika kioo bila kukitikisa. Jua lilimchoma vidole.

NJOO, akamulika.

NUSU SAA.

NJOO.

"Weka kioo chini, ndugu yangu."

Sauti ilitoka nyuma. Pazi aligeuka polepole. Kibwana alikuwa amesimama kwenye tope, anahema, macho mekundu kwa pilipili, kamasi zinamtoka. Nyuma yake, juu ya mchanga, punda wa kuazima alikuwa ametoa ulimi. Mdomo wa Snider ulimwelekea Pazi kifuani, pale pale penye chale.

Pazi akachomoa bastola.

"Usijisumbue," Kibwana alisema. "Ina mchanga."

"Ile yenye mchanga nimemwachia Inyasi. Hii ni yake."

Kibwana aliitazama Remington. Akaijua kuwa si ya Pazi.

"Wanaye Adija," alisema.

Adija alikuwa mke wa Kibwana.

"Uliniambia amekwenda Miono kumuuguza mama yake."

"Walimkamata njiani. Delmas akaniambia, mzuie mwenzako mpaka saa saba, mkeo utamkuta Miono, salama. Ninaye huyo mmoja tu, Pazi. Mke wangu. Ungefanyaje wewe?"

"Ningekuambia."

Kibwana alifumba macho.

"Ningekuambia wewe," Pazi alirudia, "tukaenda wawili."

Snider ikashuka. Pazi akaichukua, akamfunga Kibwana mikono kwenye mti wa mkoko kwa kilemba chake mwenyewe. Kibwana hakupinga. Vidole vya Pazi vilikaza fundo kama vya mtu mwingine.

Dakika kumi zimebaki.

Snider ina risasi moja. Remington nne. Watu watatu nchi kavu, wengine sita chomboni. Hesabu mbaya.

Akayatazama mapipa. Chokaa iliyotoka motoni, haijazimwa bado. Kila fundi muashi wa Bagamoyo aliijua hasira yake. Igusishwe maji, itachemka yenyewe bila moto. Ifungiwe ndani ya pipa, itapasua pipa.

Palikuwa na debe. Palikuwa na bahari.

Alitambaa nyuma ya banda. Debe la kwanza. La pili. La tatu. La nne. Kila pipa alilimwagia, akalifunika, akalipigia kifuniko kwa jiwe. Mlinzi mmoja akageuka.

"Nani huko?"

"Fundi!" Pazi akajibu, akilala chini. "Nimekuja kuzima chokaa!"

Pipa la kwanza lilipiga filimbi.

Kisha likapasuka.

La pili, la tatu, la nne. Mvuke mweupe ukainuka juu ya minazi, uji wa chokaa unaochemka ukanyesha ufukoni. Walinzi walikimbilia majini wakipiga mayowe. Mabaharia wakaona nchi kavu imekuwa moto, wakasukuma pondo kinyume, chombo kikarudi nyuma bila kungoja amri.

Delmas alifyatua Winchester ndani ya mvuke. Mara moja. Mara tatu. Hakuona alichokipiga.

Alichohisi baada ya hapo ni mdomo wa bastola nyuma ya sikio.

"Funguo," Pazi alisema.

"Bendera yangu..."

"Bendera yako ile pale. Inaondoka. Funguo."

Delmas aliitazama bendera ikizidi kuwa ndogo. Akatoa funguo.

Mnyororo ulianguka. Kwanza hakutoka mtu. Kisha wakatoka mmoja mmoja, weupe kwa vumbi la chokaa kama waliofufuka, wakijikinga macho. Wazee wawili. Wanaume waliofungwa kwa miti shingoni. Wanawake. Mwanamke mmoja akiwa na mtoto mgongoni, na aliyemshika mkono alikuwa mrefu, mwenye kanga iliyochanika bega.

Adija.

Delmas hakuwa amempeleka Miono. Wala hakuwa na nia hiyo.

Kilio kilitoka mikokoni. Kibwana alikuwa amemwona.

Adija aliifuata sauti ile mpaka penye tope. Pazi akaenda nyuma yake, akimsukuma Delmas mbele kwa mdomo wa bastola.

"Nani kamfunga mume wangu?"

"Mimi, shemeji."

"Kwa nini?"

Pazi alimkalisha Delmas topeni. Neno hilo hakutaka litoke kinywani mwake.

"Nilifanya kwa ajili yako," Kibwana alisema. Machozi yalichora mifereji kwenye vumbi la uso wake. "Adija, waliniahidi. Nilinyamaza kwa ajili yako wewe."

Adija akaelewa. Akamvuta karibu yule mwenye mtoto.

"Huyu anaitwa Mwanamkasi. Siku mbili alinigawia maji ya mtoto wake, nami simjui wala hanijui. Ulijua yumo humu?"

Kibwana aliangalia miguu yake.

"Nimekuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

Adija alimfungua mtoto mgongoni kwa Mwanamkasi, akamfunga mgongoni mwake, maana mama alikuwa akiyumba. Wakaenda pamoja kivulini walikoketi wenzao. Kibwana alimwita mara mbili.

Mashua ya moshi ilifika saa saba kasoro dakika tano. Rajabu aliruka majini na askari wake, akamtia Delmas pingu, akawapeleka kando walinzi wale wenye malengelenge. Kisha akaja na daftari na kalamu, maana Unguja walitaka kila jambo kwa maandishi.

"Waliookolewa wote wazima?"

"Wazima. Wape maji kwanza, andika baadaye."

"Wanakunywa tayari." Rajabu alionyesha mkokoni. "Na huyu? Si mwenzako huyu?"

Kibwana aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu mlango ulipofunguliwa, macho yao yalikutana.

"Andika mfungwa," Pazi alisema.

"Sawa. Na katika kazi hii ulikuwa na nani?"

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yao. Pazi alivua kofia yake, akaikung'uta chokaa kwenye paja, mara mbili, akaivaa tena.

"Peke yangu," alisema, akashika njia ya Bagamoyo.